Je, Wajua? Chuma Husaga, Tope Hutoboa

Je, wajua kwamba bomba la maji linaweza kuvuka chini ya Barabara Kuu ya Thika bila matatu hata moja kupunguza mwendo? Panachimbwa shimo dogo upande mmoja na jingine ng'ambo, kisha mtambo unasukuma keekee chini kwa chini: inashuka kwa mshazari, inalala, halafu inapanda kutokea upande wa pili. Barabara hiyo ya karibu kilomita 50, iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, haikatwi ovyo. Anayetaka kuipita huomba ruhusa kwa Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa, KeNHA, na mwenye busara haombi kuikata bali kupita chini yake.

Je, wajua ni nini hasa kinachofanya kazi huko chini? Watu wa Theta, Juja na Ruiru wanaosimama kutazama hukodolea macho chuma. Chuma husaga tu. Kinachokitoa kilichosagwa, kinachozishikilia kuta zisiporomoke, kinachoipoza keekee pamoja na kile kifaa kidogo cha kutuma mawimbi kilicho nyuma yake, ni tope. Linasukumwa na pampu ndani ya mirija ya chuma, linachuruzika kwenye matundu ya pua ya keekee, kisha linarudi nje ya mirija likiwa limebeba kifusi. Mtambo mkali wenye tope bovu utakwama njiani. Mtambo wa wastani wenye tope zuri utafika.

Je, wajua kifusi chenyewe ni kiasi gani? Chukua bomba la plastiki la upana wa milimita 200. Desturi ya kazi hii ni kulitobolea shimo pana mara moja na nusu, yaani milimita 300. Kila mita ya shimo hilo ni lita 70 za udongo. Kwa mita 100 ni mita 7 za ujazo, zaidi ya tani 10. Hakuna sepetu wala toroli inayoingia humo. Handaki la maji la Northern Collector kule Murang'a, la karibu kilomita 12, lina nafasi ya watu na mashine kuingia na kusomba kifusi. Shimo la sentimita 30 halina anasa hiyo. Udongo wote sharti utoke ukielea.

Je, wajua kwa nini kisima kilichosimama wima kina nafuu kuliko shimo lililolala? Katika kisima cha mita 200, punje ya mchanga ya milimita 2 ikiachwa ndani ya maji matupu huzama kama sentimita 20 kwa sekunde. Itachukua zaidi ya robo saa kufika chini. Pampu ikizimika, fundi ana muda wa kukimbia kuifungua, kuilaani na kuiwasha tena. Katika shimo la mlalo, punje hiyohiyo ina safari ya sentimita 30 tu. Sekunde moja na nusu, imeshatua sakafuni.

Na zikishatua nyingi ndipo balaa huanza. Kifusi hufanya tandiko refu kwenye sakafu ya shimo. Mirija ya chuma nayo, kwa uzito wake, hulala upande huohuo wa chini, ikazikwa nusu. Tope linapokuja hutafuta penye wepesi, na penye wepesi ni juu, kwenye uwazi. Basi linapita kwa raha zake darini huku sakafu ikizidi kujaa. Anayechungulia mdomo wa shimo anaona tope linatoka, tena limetakata, anaridhika. Tope lililotakata kupita kiasi wakati keekee inasaga ni dalili mbaya: kifusi kipo, ila hakitoki.

Dawa ya kwanza ni kuzungusha. Mirija ikizunguka hulivuruga tandiko, hukirusha kifusi juu kwenye mkondo, na mkondo hukichukua. Kusukuma mbele bila kuzungusha, kama inavyofanywa keekee inapopindishwa kubadili uelekeo, ndiyo nafasi ya kifusi kutulia. Kwa hiyo baada ya kila kona fundi mzoefu hurudi nyuma kidogo, huzungusha, huacha pampu ifanye kazi, ndipo asonge mbele. Asiyejua humwona anapoteza muda.

Je, wajua kwamba daktari wa damu aliwatangulia wachimbaji kuiona tabia nyingine ya mashimo ya mshazari? Mwaka 1920 Mwingereza A. E. Boycott aliandika katika jarida la Nature kwamba chembe za damu hutuama upesi zaidi mrija ukiinamishwa kuliko ukisimama wima. Wachimbaji wa mafuta walikuja kukutana na jambo lilelile kwa uchungu: mteremko wa kati, si wima wala si mlalo kamili, ndio mgumu zaidi kusafisha, kwa sababu kifusi hutuama haraka, kisha tandiko lote huporomoka kwa pamoja pampu ikisimama na kuziba njia.

Je, wajua udongo uleule unaovunja nyumba za Juja ndio ndugu wa tope linalouzwa kwa magunia? Hapa ningependa tukae kidogo.

Tope la kuchimbia hutengenezwa kwa maji na unga wa udongo uitwao bentonaiti. Jina lilitokana na miamba ya Fort Benton huko Marekani, na madini yaliyomo ndani yake, montimorilonaiti, yakapewa jina la mji wa Montmorillon, Ufaransa. Madini hayo ni matabaka membamba mno yaliyopangana, na maji yakipenya katikati, matabaka huachana na udongo huvimba. Bentonaiti nzuri ya sodiamu huvimba mara nyingi kuliko ujazo wake wa awali.

Sasa tembea kutoka upande wa Gatundu ukishuka kuelekea tambarare za Juja. Juu ni udongo mwekundu wa majani chai na kahawa, unaochimbika kwa adabu. Chini ni udongo mweusi wa pamba, ule unaopasuka mianya ya kuingiza mkono wakati wa kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha, ukapinda milango na kuchana kuta. Kinachouvimbisha ni madini ya ukoo uleule wa montimorilonaiti. Yaani mkandarasi hununua gunia la bentonaiti, hulisafirisha mpaka Theta, hulikoroga, kisha hulipeleka chini ya ardhi kukutana na binamu yake.

Mtu angedhani ni bahati. Je, si tungetumia maji matupu, udongo wenyewe ujifanyie tope? Wapo wanaojaribu, na udongo huwajibu. Unanata kwenye meno ya keekee mpaka yanageuka donge moja laini lisilokata kitu. Unavimba kutoka ukutani na kulibana shimo. Vipande vyake vikubwa haviyeyuki, vinajiviringisha na kuziba njia ya kurudi. Udongo wa pamba wa asili mara nyingi umeshikwa na kalsiamu, si sodiamu, tena umechanganyika na mchanga na mizizi, kwa hiyo hautoi ule ute laini unaotakiwa. Dawa yake ni kutia polima kwenye tope ili maji yasiingie upesi katika kuta, na dawa ya kupunguza mnato ili donge lisishike chuma. Na tope lenyewe liwe jingi. Katika mchanga, sehemu moja ya tope kwa sehemu moja ya udongo inaweza kutosha. Katika udongo wa kunata kama huu, mafundi huhesabu tatu kwa moja, hata tano kwa moja.

Rudi kwenye zile mita 7 za ujazo. Tatu kwa moja ni lita 21,000 za tope, yaani maboza mawili ya maji ya lita 10,000 na bado unadai. Tano kwa moja ni lita 35,000. Mkandarasi akifika na tangi moja la lita 5,000 kuvuka mita 100 za udongo mweusi, mwulize anakusudia kusafisha shimo kwa kutumia nini.

Je, wajua kwamba mwendo wa kazi huamuliwa na pampu, si na injini? Pampu ya lita 400 kwa dakika ikijaza shimo la milimita 300, tope hurudi kwa mwendo wa karibu mita 6 kwa dakika. Mtoto anayejifunza kutembea analipita. Kutoka ng'ambo ya barabara mpaka shimo la mtambo, mita 100, tope linachukua kama dakika 17. Sasa gawanya: tatu kwa moja, lita 400 zinabeba lita 133 za udongo, na kwa kuwa kila mita ina lita 70, huwezi kupanua shimo kwa zaidi ya mita 1.9 hivi kwa dakika. Tano kwa moja, ni mita moja na ushei. Injini inaweza kuvuta mara kumi ya hapo. Ikiruhusiwa, itaacha kifusi nyuma.

Hapo ndipo ninapotilia shaka kandarasi zinazolipwa kwa mita na kuharakishwa na mwenye kazi. Mtu analipwa kwa urefu, hakuna anayemlipa kwa usafi. Bomba linaingia, picha zinapigwa, na miezi kadhaa baadaye lami inaanza kubonyea juu ya mstari uleule.

Je, wajua tope likilala huganda, likitikiswa hutiririka? Fikiria chupa ya tomato kwenye kibanda cha chipsi Thika mjini: ukiipindua haitoki kitu, ukiitikisa inamwagika sahani nzima. Tope la bentonaiti lina tabia hiyo. Pampu ikizimwa ili kuongeza mrija mwingine, matabaka ya udongo hushikana na kuvikamata vifusi palepale vilipo. Pampu ikiwashwa, mshikamano unavunjika na safari inaendelea. Katika shimo la mlalo tabia hii ni ya thamani kuliko uzito wa tope, maana mkondo wenyewe ni wa polepole mno kubeba mawe kwa nguvu. Lakini likizidi kuganda, pampu italazimika kulisukuma kwa shinikizo kubwa ili liamke, na shinikizo hilo lina pa kutokea, kama tutakavyoona.

Je, wajua kipimo cha tope ni faneli na saa tu? Hallan Marsh alikieleza mwaka 1931, na mpaka leo ndicho kipo kando ya barabara. Faneli ya plastiki inajazwa tope lita moja na nusu kupitia chujio, kidole kimeziba tundu la chini. Kidole kinaachia, saa inaanza, na zinahesabiwa sekunde mpaka mililita 946 zijae kwenye kikombe. Maji matupu huchukua sekunde 26. Tope la kazi za kawaida huwa kati ya 40 na 60, na kwenye kokoto hupanda zaidi. Msaidizi akikwambia amekoroga vizuri, mwombe faneli. Kama hana faneli, angalau tia kidole kwenye tope: liache utando laini wa kuteleza, lisiache chenga zinazokwaruza. Chenga kwenye tope linalotumika mara ya pili ni mchanga ambao haukuchujwa, na mchanga huo unarudi ndani ya pampu kula vyuma.

Je, wajua magadi yana kazi nje ya maharagwe? Maji yenye chumvichumvi ya kalsiamu huizuia bentonaiti kuvimba. Unamwaga gunia zima na unapata maji machafu tu. Kabla ya kutia unga, maji hutiwa magadi yaliyosafishwa, ambayo huitoa kalsiamu na kupandisha pH hadi kati ya 8.5 na 9.5. Na magadi hayo Kenya inayo kwake, Ziwa Magadi, Kajiado, yanakochimbwa kwa zaidi ya miaka 100.

Je, wajua kiko cha kuvutia tumbaku kina undugu na tope la visima? Sepiolaiti, udongo mweupe mwepesi unaopatikana bonde la Amboseli na ng'ambo ya mpaka huko Sinya, Tanzania, ulichongwa viko vya kuuza ng'ambo. Udongo huohuo husagwa kutengeneza tope la mahali penye chumvi au joto kali, ambapo bentonaiti hushindwa.

Joto kali? Olkaria. Huko Naivasha, KenGen huchimba visima vya mvuke vya takriban kilomita 3, na vingi havishuki wima: hutobolewa kwa mshazari kutoka uwanja mmoja ili vifikie nyufa nyingi bila kutapanya mitambo ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate. Juu hutumika tope la bentonaiti. Chini, kwenye mwamba wenye mvuke, tope lingeziba nyufa zilezile zinazotafutwa, kwa hiyo kifusi hupandishwa kwa maji yaliyotiwa hewa na povu. Povu la sabuni, ndiyo, likibeba mawe.

Je, wajua ya Ziwa Albert? Kwenye eneo la Kingfisher, Uganda, ambako uchimbaji ulizinduliwa Januari 2023, mtambo unasimama nchi kavu na visima vinapindwa kwenda kuyafuata mafuta chini ya ziwa. Hakuna mtambo majini. Kifusi cha chini ya samaki kinatokea kando ya kijiji, kikiwa kimesafiri njia nzima ndani ya tope.

Je, wajua ng'ombe waliwahi kukoroga tope la kuchimbia? Inasimuliwa kwamba huko Spindletop, Texas, kabla ya kisima kulipuka mafuta Januari 1901, ndugu wa ukoo wa Hamill waliswaga ng'ombe ndani ya dimbwi mpaka likawa zito la kutosha kuzuia mchanga usiporomoke. Kabla yao, miaka ya 1840, Mfaransa Fauvelle alishatumia maji kupitia vyuma vyenye uwazi kutolea kifusi kisimani, huko Perpignan. Kuvuka mto kwa kulaza keekee kulikuja baadaye sana: Mmarekani Martin Cherrington aliupita Mto Pajaro, California, mwaka 1971.

Je, wajua kwamba penye jiwe, tope ndilo linaloizungusha keekee? Chini ya udongo wa kati ya Thika na Ruiru kuna miamba ya volkano, ikiwamo ile inayokatwa kwa mashine na kuuzwa kama mawe ya Ndarugu. Keekee ya kawaida ya udongo hupiga mdundo hapo na kurudi. Hutumika basi mota isiyo na umeme wala mafuta, inayofungwa nyuma ya keekee na kusukumwa na tope lenyewe likipita. Tope moja, kazi mbili: kuzungusha, kisha kusomba.

Je, wajua tope linaweza kuibuka katikati ya lami? Hapa ndipo pale pa kutokea nilipoahidi. Kifusi kikiziba njia ya kurudi, pampu huendelea kusukuma na shinikizo hupanda mpaka ardhi juu ya keekee inapasuka. Dalili ya kwanza huwa mlangoni: tope lililokuwa likitoka linapungua, kisha linakatika. Fundi makini huzima pampu papo hapo, hurudisha vyuma nyuma, huzungusha, hufungua njia. Anayeongeza shinikizo "ili lipenye" huliona likipenya kweli, mbele ya duka la mtu, la kijivu na zito, au kwenye mtaro.

Kwa sababu hiyo hiyo bomba linaweza kugoma wakati wa kuvutwa ndani. Shimo lenye kifusi likikosa upenyo, bomba huwa kama pistoni na tope mbele yake halina pa kwenda. Mtambo huvuta, mirija hulia, bomba halisogei.

Je, wajua bomba tupu huelea humo ndani? Lile la milimita 200, la plastiki nene, lina uzito wa kilo 10 hivi kwa mita, lakini tope lenye kifusi hulisukuma juu kwa karibu kilo 37. Zinabaki kilo 27 kwa kila mita zikilisugua bomba kwenye dari ya shimo. Lijaze maji wakati linavutwa, na msukumo unashuka chini ya kilo 7. Boza moja la ziada linaweza kuokoa mtambo.

Je, wajua tope lililomwagwa Ruiru na lililomwagwa Thika hayakutani tena? Mito ya Ruiru na Ndarugu huingia Athi, unaokuja kuitwa Sabaki kabla ya kufika baharini karibu na Malindi. Mto Thika huenda Tana kupitia bwawa la Masinga. Bentonaiti yenyewe si sumu, lakini ni laini kiasi kwamba hutanda juu ya mayai ya samaki na wadudu wa mtoni na kuwakosesha hewa, na maji yake hukataa kutulia kwa siku nyingi, jambo ambalo wenye pampu za kumwagilia mboga huligundua kabla ya mtu yeyote. Kwa hiyo dimbwi la tope hunyonywa kwa lori la maji taka, likachujwe litumike tena au likatupwe mahali palipoidhinishwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999. Lori likikosekana kwenye orodha ya vifaa vya mkandarasi, mtaro ulio karibu ndio umeshapangiwa kazi hiyo.